Kupanga shahada ya kemia au biokemia: masomo ya mwanzo ndiyo yanayoamua

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, idara za kemia katika vyuo vikuu vyetu hupokea swali lile lile kutoka kwa wahitimu na wazazi wao: kati ya kemia na biokemia, ipi ina soko zaidi? Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa ada ya mzazi na mkopo wa Bodi ya Mikopo si fedha za kuchezea. Hata hivyo, sisi tunaowafundisha vijana hawa tunaona kwamba kinachoamua hatima ya mwanafunzi ni masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili pamoja na namna alivyoyapanga, na kwamba wanaokwama hukwama mahali pale pale, wawe wamejiandikisha kemia au biokemia.

Ili tofauti ya fani hizi mbili ionekane, tuchukue mfano wa sumukuvu. Katika mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki dunia katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu aflatoksini B1 izidi maikrogramu 5 katika kilo moja ya mahindi, wala jumla ya aflatoksini zote izidi maikrogramu 10. Kupima kiasi kidogo namna hiyo ni kazi ya mkemia. Huchukua sampuli inayowakilisha shehena nzima, maana punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote; huisaga, huitoa sumu kwa mchanganyiko wa methanoli na maji, huisafisha, kisha huipitisha katika mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali zilizochanganyika, na kulinganisha jibu lake na myeyusho sanifu, yaani ule ambao kiasi cha sumu ndani yake kinajulikana. Mtaalamu wa biokemia anaanzia pale sumu inapoingia mwilini. Yeye hueleza jinsi vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vinavyoigeuza aflatoksini B1 kuwa epoksidi, na jinsi epoksidi hiyo inavyojishikiza kwenye guanini, mojawapo ya vijenzi vya DNA, hata kuleta mabadiliko yanayoweza kuzaa saratani ya ini.

Sasa, epoksidi ni pete ya atomi tatu, mbili za kaboni na moja ya oksijeni, nayo imebanwa kiasi kwamba hufunguka kwa urahisi inapokutana na atomi yenye elektroni za kutoa. Katika guanini, atomi hiyo ni ya nitrojeni. Maelezo yote haya ni ya kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, na mwanafunzi wa biokemia ambaye hakulielewa somo hilo atabaki kukariri majina ya hatua bila kujua kwa nini zinatokea.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wapo wahitimu wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) na CBG (kemia, biolojia na jiografia) wanaochagua biokemia wakiamini kwamba wameikimbia hisabati. Walisoma BAM, yaani hisabati ya msingi, kidato cha tano na cha sita kama somo la nyongeza, wakalichukulia kama la kupita tu, na sasa wanadhani limekwisha. Halijakwisha. Mlinganyo wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913, ambao hadi leo ndio msingi wa kupima kasi ya vimeng'enya, hausomeki bila grafu na kinetiki, yaani elimu ya kasi ya mabadiliko ya kikemia. Nishati ya metaboli, yaani ya mabadiliko ya kikemia ndani ya mwili, haielezeki bila thamodinamiki, elimu ya joto na nishati. Inasikitisha sana kumwona kijana mwenye akili na bidii akishindwa mwaka wa pili kwa sababu ya logarithi ambazo hakuna aliyemwambia mapema kwamba atazihitaji.

Na logarithi hizo hazisubiri mada ngumu. Kazi ya kawaida kabisa katika maabara ya biokemia ni kutengeneza bafa, yaani myeyusho unaozuia pH isiyumbe wakati kimeng'enya kinafanya kazi. Tuseme mwanafunzi anatakiwa kutengeneza bafa ya fosfeti yenye pH 7.4, ambayo ni kama ile ya damu. Katika hesabu za darasani, pKa inayohusika, yaani pH ambayo aina mbili za fosfeti huwa na kiasi sawa, ni takriban 7.2. Tofauti ni 0.2, na kumi kwa kipeo cha 0.2 ni karibu 1.58, kwa hiyo kila moli 1 ya fosfeti yenye hidrojeni mbili huhitaji moli 1.58 za ile yenye hidrojeni moja. Hapo bado hajagusa mizani. Akiifikia, lazima asome lebo ya chupa kwa makini, kwa kuwa chumvi ya pili, ile yenye hidrojeni moja, huuzwa ikiwa kavu au ikiwa na maji ndani ya fuwele zake: fosfeti ya disodiamu iliyo kavu ina gramu 142 kwa moli, na ile yenye molekuli 12 za maji ina gramu 358. Asipoiona tofauti hiyo, ukolezi na pH vyote vitaharibika, kimeng'enya kitatoa matokeo yasiyoeleweka, na mchana mzima wa maabara utakuwa umepotea. Mita ya pH itamwonyesha kwamba kuna kosa, lakini haitamwambia kosa liko wapi.

Kwa hiyo mpango wa shahada upangwe kwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mwanafunzi achukue orodha ya masomo ya miaka yote 3, atazame yale ya mwaka wa tatu anayoyatamani, kisha aulize kila moja linadai somo gani kabla yake. Atagundua kwamba metaboli inadai kemia ogania na muundo wa protini, kwamba uchambuzi kwa mashine unadai kemia ya uchambuzi wa kawaida, ile ya bureti na mizani, na kwamba kemia fizikia inadai kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Somo moja la msingi likianguka, mengine matatu husogea mbele, na kwa kuwa masomo mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, kuteleza kwa muhula mmoja huweza kugharimu mwaka mzima.

Muda nao uhesabiwe kwa uaminifu. Katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza hudai krediti zisizopungua 360. Hiyo ni 120 kwa mwaka, sawa na saa 1,200. Zikigawanywa katika majuma 30 ya masomo, ni saa 40 kila juma, mihadhara, maabara na kujisomea vikiwa pamoja. Maabara hula muda kuliko ratiba inavyoonyesha, kwa sababu ripoti huandikwa usiku. Mwanafunzi anayejaza masomo ya hiari mengi katika muhula wenye maabara mbili au tatu anajitafutia mtihani wa marudio, ile sapu ambayo wengi huanza kuijua mwaka wa kwanza. Katika vyuo vyetu vingi alama za mwaka huo huingia katika GPA ya mwisho, yaani wastani wa alama zote: daraja la kwanza huanzia 4.4 kati ya 5, daraja la pili la juu huanzia 3.5, na anayetarajia kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi kwa kawaida hudaiwa 3.8.

Kuhusu masomo ya hiari, ushauri wetu ni kuvuka mpaka. Anayesoma kemia achukue angalau somo moja la biokemia. Anayesoma biokemia achukue uchambuzi kwa mashine, na wote wawili wachukue takwimu.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa mwaka wa masomo, yaombewe nafasi miezi kadhaa kabla, kwa sababu maabara zinazopokea wanafunzi ni chache kuliko wanaoomba. Zipo za Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, za Shirika la Viwango, za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, za mamlaka za maji, za viwanda vya sukari, saruji na vinywaji, na za migodi. Mwanafunzi wa biokemia aandike pia kwa taasisi za utafiti wa afya na kilimo.

Lipo jambo moja ambalo wazazi hawaelezwi ipasavyo. Shahada ya biokemia haimpi mtu leseni ya kufanya kazi katika maabara ya hospitali. Kazi hiyo ina shahada yake ya sayansi za maabara ya tiba na baraza lake la usajili, kama ilivyo famasi. Wala si mlango wa pembeni wa kuingilia udaktari. Wakemia nao wana Sheria ya Wanataaluma wa Kemia ya mwaka 2016, ambayo imeweka utaratibu wa kuwasajili, hivyo kabla ya kuthibitisha udahili ni vyema kuiuliza idara kama wahitimu wa programu husika husajiliwa, na kwa ngazi gani. Idara iulizwe pia kama mwanafunzi hushika mashine mwenyewe au husimama akitazama fundi akiziendesha.

Majuma ya kusubiri chuo kufunguliwa yanatosha kurudia logarithi, vipeo, kubadili vipimo, na hesabu za moli hadi zitoke bila kusitasita. Madaftari ya kidato cha tano ya asidi na besi yasigawiwe kwa wadogo kabla ya muhula wa kwanza kwisha, kwa sababu huenda yakahitajika tangu majuma ya mwanzo.