Hiyo Unayoiita Faida ni Mauzo

Juma lililopita nilikuwa gatini Lamu nikingojea boti ya kwenda Mokowe. Kijana mmoja mwenye mashua ya kutembeza wageni alikuwa akimsimulia mwenzake: "Mwezi huu nimeona faida ya laki na elfu nane." Nikanyamaza. Jioni yake, binti ninayemfundisha, aliyebakiza miezi miwili afanye mtihani wake wa stashahada ya uhasibu, akaniletea zoezi ameandika kwamba faida ya duka kwa siku ni shilingi 64,000. Kumbe amejumlisha risiti za mauzo, akapiga mstari chini, basi. Wa gatini nilimsamehe. Wa stashahada ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Maana yenyewe haichukui muda. Mauzo ni thamani ya ulichouza au ya kazi uliyomfanyia mteja. Gharama ni vilivyotumika ili mauzo hayo yapatikane. Toa gharama kwenye mauzo. Kinachobaki ni faida, na gharama zikizidi ni hasara. Ukitoa gharama ya bidhaa peke yake umepata faida ghafi, ukiendelea kutoa kodi ya pango, mishahara, umeme, riba ya mkopo na uchakavu wa vifaa umefika kwenye faida halisi. Hayo kila mwanafunzi wa biashara ameyanakili daftarini, wala si hapo wanapopotelea.

Wanapotelea kwenye neno. Kiswahili kimelitandaza neno faida likafunika kila jambo jema: kusoma kuna faida, asali ina faida, mtoto asiyesikia hana faida. Kwa hiyo mtu akishika pesa mkononi zimfae, ulimi unamwambia ni faida. Kwa Waarabu, ambako tumelitoa neno hili, maana ya kwanza ni hiyohiyo, manufaa, ila leo ukiingia benki ya Kiarabu ukaulizia fa'ida utaonyeshwa kile ambacho sisi tunakiita riba. Faida ya mfanyabiashara wao huiita ribh. Nina wanafunzi waliopitia madrasa wanaodhani riba na ribh ni neno moja lililokatwa mkia. Ni mizizi miwili tofauti. Riba imetoka kwenye kuzidi na kuongezeka, ribh kwenye kupata katika biashara, na aya ya 275 ya Suratul Baqara, inayohalalisha biashara na kuharamisha riba, ingekuwa haina maana kama mambo hayo mawili yangekuwa kitu kimoja. Neno la biashara katika aya hiyo ni bay', ambalo sisi tumelifanya bei. Tumeyachukua maneno ya sokoni karibu yote, tukayapanga upya kila moja kwenye kiti cha mwenzake.

Lakini neno ninalolipenda, na ambalo lingemtosha yule binti badala ya kurasa nzima za kanuni, ni rasilimali. Siku hizi tunasikia rasilimali watu, rasilimali za bahari, mpaka mtu anadhani ni neno la mikutano ya maendeleo. Asili yake ni ra's al-mal, kichwa cha mali. Hiyo ras ndiyo ileile ya Ras Kitau tunayoiona ng'ambo tukisimama Shela: kichwa cha nchi kilichojitokeza baharini. Kichwa cha mali ni mtaji, kile ulichoanza nacho kabla hujauza chochote. Na mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walioandika juu ya mudharaba, ile shirika ambayo mmoja hutoa fedha na mwingine akatoa kazi, waliweka sharti moja ambalo mhasibu yeyote wa leo angelitia sahihi: hakuna kugawana faida mpaka kichwa cha mali kiwe kimerudi salama. Kwanza mtaji utimie, kinachozidi juu yake ndicho faida.

Watu wa vyombo hapa kwetu wanalijua hili bila ya kwenda chuo. Wavuvi wakirudi, samaki wakauzwa, hutolewa kwanza mafuta, barafu na chakula cha safari, ndipo kinachobaki kigawanywe mafungu. Na chombo nacho hupewa fungu lake, ingawa chombo hakili wala hakina watoto. Mwanafunzi akiniuliza uchakavu ni nini, simwambii kitu kingine. Ni fungu la chombo. Mbao zinaoza, tanga linachanika, injini inachoka. Asiyekitengea chombo fungu anakula kichwa cha mali huku akidhani anakula faida.

Boti yangu ikachelewa, na yule kijana akaja kukaa karibu nami kivulini. Nikamwomba tuzihesabu zile laki na elfu nane. Hakukataa, akatoa daftari lake dogo lililolowa pembeni.

Safari alizopeleka mwezi ule zilikuwa za shilingi 96,000. Hayo ndiyo mauzo yake. Katika hizo, 18,000 ni za nyumba moja ya wageni ambayo haijamlipa, anaidai. Kwa hiyo za safari zilizoingia mkononi ni 78,000. Zilizobaki kufikia laki na nane, yaani 30,000, ni arbuni ya mgeni mmoja atakayekuja na jamaa zake mwezi ujao kwenda Manda Toto kutazama samaki. Pesa amepewa, safari hajaifanya.

Hapa ndipo wanafunzi huanza kubishana nami, kwa sababu macho yanaona pesa. Uhasibu hauulizi pesa imeingia lini, unauliza kazi imefanywa lini. Zile 18,000 ni mapato ya mwezi huu ingawa hazijalipwa, kwa kuwa wageni walipandishwa, wakatembezwa, wakarudishwa. Zile 30,000 si mapato hata kidogo, ni deni: anadaiwa safari, na asipoipeleka atazirudisha. Fedha taslimu ina taarifa yake peke yake, ya mtiririko wa fedha, ndiyo maana hesabu za kampuni huja na karatasi kadhaa wala si moja.

Tukaendelea. Petroli 38,000, msaidizi wake 24,000, plagi, kamba na ufundi 6,000. Jumla 68,000. Nikamuuliza injini aliinunua kwa kiasi gani. Akasema 240,000, na anatarajia imfae miaka mitano. Miezi sitini, basi kila mwezi inalika 4,000. Nikamwambia hilo ni fungu la injini. Akacheka, akalielewa papo hapo, kwa kasi ambayo sijaiona darasani.

Mauzo 96,000, toa 68,000, toa 4,000. Faida yake kabla ya kodi ni 24,000. Na mfukoni, ukizihesabu zilizoingia ukatoa alizolipa, zingekuwa 40,000. Mauzo, faida na fedha ya mfukoni: namba tatu kwa mwezi mmoja wa mashua moja, na zote tatu yeye alikuwa akiziita faida, kutegemea ni nani anayemsikiliza. (Alikuwa pia amechota kidogo kidogo za nyumbani. Hizo si gharama ya biashara, ni mwenyewe kujipunguzia mtaji, lakini boti ilikuwa inakaribia na sikutaka kumchosha.)

Nisionekane namwonea. Mabwana wakubwa nao huteleza hapahapa. Bodi ya kimataifa inayotunga viwango vya taarifa za fedha ilitoa mwaka 2024 kiwango kipya, IFRS 18, kitakachoanza kutumika Januari 2027, na mojawapo ya sababu ni kwamba kampuni zilikuwa zikitangaza faida ya uendeshaji kila moja kwa hesabu yake, kwa vile viwango vilikuwa havijaieleza. Na serikali yetu haichanganyi maneno haya hata mara moja. Kampuni ya hapa Kenya hutozwa kodi ya mapato kwenye faida, asilimia 30. Lakini mwenye biashara ndogo ambayo mauzo yake ya mwaka yanapita milioni 1 na hayazidi milioni 25, tangu Julai 2023 hutozwa asilimia 3 ya mauzo ghafi. Ya mauzo. Awe ameona faida au amekula hasara, asilimia 3 iko palepale. Mashua ya 96,000 kwa mwezi, kama kila mwezi ungekuwa kama huo, inafika 1,152,000 kwa mwaka, imeshavuka mstari. Kinachomwokoa kijana ni kusi, miezi ambayo bahari inachafuka na wageni wanaadimika.

Kwa hiyo binti yangu, lile zoezi nimelirudisha bila ya kulipaka wino mwekundu. Futa neno faida kwenye mstari wa 64,000, uandike mauzo. Kisha nenda kwa mwenye duka umuulize bidhaa alizouza siku ile alizinunua kwa kiasi gani, kodi ya pango ni ngapi kwa mwezi, na lile friji la soda amelinunua lini. Ukirudi tutaitafuta faida pamoja.

Kijana wa mashua alinisindikiza mpaka ngazini. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, hizi thelathini za mgeni si zangu?"

"Zitakuwa zako siku utakayomrudisha kutoka Manda Toto."

Akazitoa kwenye kibindo, akazihesabu mara mbili, akazitia peke yake kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.