Usiku ule mlilala wapi?

Mwezi wa pili mwaka 2024, vita vilipofika karibu na mji mdogo wa Sake, darasa la tano nililokuwa nikilitembelea kila Jumatano hapa Goma, mashariki ya Kongo, lilipokea wanafunzi kumi na wanne kwa wiki moja. Benchi la watoto watatu likakaliwa na watano. Haukupita mwezi, mvulana wa Ndosho, mtaa wa hapa mjini, na mwenzake aliyekimbia kutoka Sake wakapigana wakati wa mapumziko kwa sababu ya bido, yaani dumu la maji. Mmoja alipasuka mdomo. Mwalimu akawatenganisha, akawasimamisha mbele ya wenzao, akawaamuru: "Ombaneni musamaha." Wakaombana. Walipeana mikono huku kila mmoja akiangalia ukuta. Shule ilipotoka niliwakuta barabarani wakirushiana mawe, na mawe ya mji wetu yanajulikana: ni lava, yana meno.

Kazi yangu ni kuwafundisha walimu, wanafunzi na wazazi namna ya kusuluhisha ugomvi na kuelewana. Nimeifanya kwa miaka kumi na moja, kuanzia chekechea hadi vikundi vya akina mama sokoni. Mwanzoni nami nilikuwa naridhika na samahani ya namna ile. Leo nikisikia mtu mzima akimlazimisha mtoto kuitamka, najua ugomvi umehamishwa tu, umetolewa uwanjani ukapelekwa njiani.

Tatizo moja liko kwenye neno tunalolitegemea, yaani huruma. Ni neno zuri, lakini mara nyingi hushuka kutoka juu. Mwenye nyumba humhurumia asiye na nyumba, aliyeshiba humhurumia mwenye njaa. Watoto wa kambi za waliokimbia vita walikuwa wamechoka kuhurumiwa. Ninachofundisha mimi ni kujitia katika nafsi ya mwenzako, kisha kumuuliza kama ulichokiwaza ndicho chenyewe. Hiyo sehemu ya pili ndiyo tunayoiruka. Tunamwangalia mtu, tunajiambia tumemwelewa, tunaendelea na safari.

Umri ni jambo la kwanza la kuzingatia, na hapa walimu wengi hupoteza nguvu bure. Kwenye mafunzo ya walimu wa chekechea huwa naleta pakiti ya biskuti ambayo ndani yake nimetia maharagwe. Namwonyesha mtoto wa miaka mitatu pakiti ikiwa imefungwa: ndani mna nini? "Biskuti." Naifungua, anaona maharagwe, naifunga tena. Kisha namuuliza: rafiki yako aliye nje, ambaye hajaona, akija atasema mna nini? Wa miaka mitatu kwa kawaida hujibu "maharagwe." Wa miaka mitano hucheka na kusema "biskuti." Wanasaikolojia wamelipima jambo hili kwa njia nyingi tangu miaka ya 1980, na wameona kwamba ni kwenye miaka minne hivi ndipo mtoto huanza kushika kwamba kichwa cha mwenzake kinaweza kubeba wazo tofauti na lake, hata wazo lisilo sahihi. Kwa hiyo ukimwuliza mtoto wa miaka mitatu "wewe ungefanyiwa hivyo ungejisikiaje?" unampa mzigo ambao mabega yake hayajaufikia. Huyo mfundishe sura za watu: nani amenuna, nani anaogopa, nani analia, na tufanye nini akilia. Inatosha kabisa.

Kuanzia darasa la pili tunaingia kwenye maneno, na hapo naomba nikae kidogo, maana ndiko nilikojifunza zaidi. Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alipanga hatua nne za kusema bila kujeruhi: taja ulichokiona, taja unachohisi, taja unachohitaji, kisha omba. Kwenye karatasi inaonekana kazi ndogo. Jaribu na watoto wa Goma uone. "Ameniibia bido" ni hukumu. Kilichoonekana ni kwamba amechukua bido yangu bila kuniuliza. "Ananidharau" pia si hisia, ni shtaka. Ukimuuliza mtoto, "Sawa, wewe ndani unasikia nini?" atakwambia "hasira," na akifurahi atakwambia "furaha." Maneno mawili kwa moyo mzima!

Basi tunakusanya maneno. Kila wiki watoto wanayatafuta nyumbani, kwa bibi zao, kwa wapishi wa mikate, kwa wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na wanayaleta. Kiswahili chetu kinaweka hisia mwilini, na watoto wanalipenda hilo: roho inaniuma, moyo umeruka, donge limenikaa kooni, mwili umenisisimka. Aibu. Wivu. Wasiwasi. Uchungu. Ukiwa. Mtoto mmoja alileta neno "kinyongo" na maelezo ya bibi yake kwamba ni hasira iliyolala bila kufa. Tangu siku hiyo darasa lile lilianza kuulizana, "Ni hasira ao ni kinyongo?" Jibu lilikuwa na faida kubwa, kwa sababu hasira inahitaji muda wa kupoa, wakati kinyongo kinahitaji mtu wa kukisikiliza.

Mtasema: mduara wa mazungumzo unawezekanaje katika darasa la watoto themanini? Tangu shule ya msingi iwe bure Septemba 2019, swali hilo naulizwa kila mafunzo, na ni la haki. Duara la themanini haliwezekani. Tunaweka watoto kumi katikati, wengine wanawazunguka kimya na kazi moja tu: kusikiliza sentensi moja ya mtu mmoja na kuirudia kama ilivyosemwa. Jiwe la lava linapita mkononi. Anayelishika ndiye anayesema. Asiyetaka kusema analipitisha, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Sheria hii ya kupitisha siivunji hata mkuu wa shule akiwa mlangoni. Watoto wetu wameona mambo ambayo hayafai kuvutwa nje mbele ya watu themanini na mwalimu asiyejua namna ya kuyarudisha mahali pake. Siulizi kamwe "uliona nini vitani?"

Kosa langu kubwa lilitokea huko nyuma, katika shule moja ya sekondari. Nilikuwa na imani kwamba watu wakizungumza tu, wataelewana. Nikawakusanya wanafunzi wa mwaka wa tano, makabila mbalimbali, nikawapa mada ya ardhi na nani ni mwenyeji. Walizungumza vizuri mno! Kila mmoja alitoa orodha ya maovu aliyotendewa babu yake. Tulipomaliza saa mbili za mjadala, wale waliokuja pamoja waliondoka makundi makundi, na mitaani usiku ule matusi yalijaa kwenye WhatsApp. Mwalimu wao aliniambia kwa upole, "Mama, umetuachia moto."

Baadaye nilisoma utafiti wa mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck, uliochapishwa mwaka 2010, na ulifanywa huku kwetu mashariki ya Kongo. Kwa mwaka mzima baadhi ya maeneo yalisikiliza mchezo wa redio kuhusu kumaliza migogoro. Mengine yalisikiliza mchezo huohuo pamoja na kipindi cha baada yake kilichowahimiza wasikilizaji kujadiliana. Waliohimizwa walijadiliana zaidi kweli. Lakini pia walizidi kutovumiliana, wakakumbuka zaidi malalamiko yao, na hawakuwa tayari kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda kama wale wengine. Nilipomaliza kuusoma nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu na sikuwa na jina la kuyapa.

Sisemi tusizungumze. Nasema mazungumzo yasitangulie. Mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwaweka wavulana wa miaka kama kumi na mmoja katika makundi mawili kambini, wakawashindanisha hadi wakachukiana. Kuwakutanisha kwa chakula na sinema hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichosaidia ni kazi ambazo kundi moja peke yake lisingeziweza: maji ya kambi yalipokatika, na lori lilipokataa kuwaka likahitaji kuvutwa na wote. Sijui kama kuna mji unaoielewa habari ya maji kukatika kuliko Goma, mji ulio kando ya ziwa kubwa na watoto wake wanatembea na bido.

Kwa hiyo katika lile darasa la tano hatukuanza na wale wavulana wawili. Tulianza na Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu. Nilitumia njia aliyoibuni mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 kwenye shule za Austin, Texas, wakati watoto weupe na weusi walipowekwa darasa moja kwa mara ya kwanza. Somo linagawanywa vipande vitano. Kila mtoto katika kikundi cha watano anapewa kimoja. Wenye kipande kimoja wanakutana kukisoma pamoja, kisha kila mmoja anarudi kukifundisha kikundi chake. Mtihani unaulizwa wote, mtu mmoja mmoja. Ukimdharau mwenye kipande cha tatu, utafeli swali la tatu.

Vipande vyetu vilikuwa hivi: mlipuko wa 1977, ule wa tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, ule wa tarehe 22 Mei 2021, maana ya rangi za tahadhari, na mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayotuama kwenye mabonde na mashimo. Kwenye kikundi cha yule mvulana wa Ndosho, mazuku yalimwangukia yule wa Sake. Sikupanga, naapa. Akawaeleza jinsi mbuzi wa babu yake walivyokutwa wamelala bondeni asubuhi, bila jeraha, na kwa nini mtu hapaswi kushuka kuwatoa. Wenzake walisahau kuandika.

Jumatano iliyofuata ndipo nilipouliza. Mei 27 mwaka ule wa 2021, siku tano baada ya mlipuko, mamlaka ziliagiza sehemu kubwa ya Goma ihame, na watu wakatoka kwa miguu, kwa pikipiki, kwa mashua. Watoto hawa walikuwa wadogo, lakini usiku wa namna hiyo haufutiki. Nikasema: nani anakumbuka, usiku ule mlilala wapi?

"Ku Gisenyi." "Ku Bukavu, tulipanda bato." "Ku Minova." "Ku Sake." "Ku Sake." "Ku Sake." Nilianza kuhesabu, nikaacha. Sake iko kilomita kama 25 tu kutoka hapa. Watu wengi wa mji walipitia njia ile. Sikutoa maelezo. Niliuliza tu nani aliwafungulia mlango, na walikula nini.

Yule wa Ndosho alishika jiwe, akalizungusha mkononi. "Tulilala ku kanisa. Mama moya alituletea sombe. Hatukumujua."

Jiwe halijafika mbali, yule wa Sake akauliza bila ruhusa, "Kanisa gani?"

Hawakuwa marafiki siku ile. Lakini lilikuwa swali la kweli, swali ambalo aliyeliuliza hakuwa na jibu lake tayari. Ndilo ninalolisubiri katika kila darasa. Zoezi langu la mwisho wa wiki ni hilohilo, kwa watoto na kwa wakubwa: mwulize mtu kitu kimoja kuhusu maisha yake ambacho usingeweza kukijua bila yeye kukuambia. Wakubwa ndio wanaoshindwa zaidi. Tunauliza ili kushauri.

Na walimu? Mwalimu hawezi kufundisha haya huku fimbo iko juu ya meza. Nasema hivyo bila kumlaumu, kwa sababu nawajua wanaofundisha mwaka baada ya mwaka bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, na watoto wao wenyewe wamefukuzwa shule kwa deni. Siku ya kwanza ya mafunzo yangu haina somo lolote la watoto. Walimu wanakaa wawili wawili, mmoja anasema dakika tano, mwingine hamkatizi wala hamwambii "pole, Mungu yupo." Mwalimu mmoja wa miaka hamsini alilia dakika ya pili. Alisema ni mara ya kwanza kusema maneno kumi bila mtu kumjibu. Fimbo yake aliiacha mwenyewe, baada ya wiki kadhaa, sikuwahi kumgusia.

Najua pia mpaka wa kazi hii. Mduara wa watoto hauzimi bunduki, na vita vyetu havikuanzishwa na watoto. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, shule zikafungwa, na mwezi uliofuata kambi zikabomolewa. Madarasa yalipofunguliwa, yule mvulana wa Sake hakuwepo tena. Familia yake ilikuwa imerudi kwao.

Jumatano yangu ya kwanza, yule wa Ndosho alinifuata mlangoni. Alijua nina namba ya mama wa yule mwenzake wa Sake. Aliomba simu, akasogea pembeni ya ukuta, akasubiri hadi ikapokelewa. Nilidhani atasema habari za shule, au za mpira.

"Mabati mulikuta?" aliuliza. Akanyamaza, akisikiliza, kwa muda mrefu.