Hujapika, Ukoko Utoke Wapi?

Alhamisi amekuja mama mmoja kuchoma sindano yake ya nne ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Hedhi ilikata baada ya ile ya pili. Hana maumivu, hana homa, anaendelea na kazi zake. Kafuatana na wifi yake, na wifi ndiye aliyezungumza: "Dokta, tunaomba umsafishe kizazi. Damu imejaa humo ndani, itageuka uvimbe."

Nina miaka 17 kwenye kazi hii. Nadhani maneno hayo nimeyasikia kuliko "shikamoo".

Zamani nilikuwa na jibu langu la haraka: mbona mjamzito anakaa miezi tisa bila kwenda mwezini na damu haimjai? Nikajiona mjanja, mpaka bibi mmoja akanijibu kwa upole, "Mwanangu, ile inamtengeneza mtoto." Nikafunga mdomo. Tangu siku hiyo naanzia jikoni.

Damu ya hedhi haina tangi. Estrojeni inajenga utando wa ndani wa mji wa mimba, yai likishatoka projesteroni inaukomaza, mimba isipoingia homoni zinashuka na utando unamomonyoka. Ndiyo hedhi hiyo. Kwa wengi yote kwa jumla ni mililita 30 hadi 80, yaani kikombe kimoja au viwili vya kahawa chungu, vile vidogo vya barazani. Sasa sindano yenye miligramu 150 za medroksiprojesteroni inalizuia yai lisitoke, inaishusha estrojeni ya mwili, na utando wenyewe inauambia usikue. Sufuria haijainjikwa, halafu watu wanataka nikwangue ukoko. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu ya wanawake hawaoni hedhi kabisa. Nilimpima yule mama kwa altrasaundi, wifi akiwa anatazama: utando una milimita 3. Mwanamke asiyetumia kitu, akikaribia siku zake, anaweza kufika 10 na kupita.

Damu kunasa ndani ipo, sikatai. Msichana aliyezaliwa na njia iliyoziba, au mwanamke ambaye shingo ya kizazi imeziba kwa makovu, anatengeneza damu na haina pa kutokea. Huyo kila mwezi anaumwa tumbo mpaka anajikunja. Na makovu hayo mengine yanaletwa na nini? Na huko kusafishwa! Mtu anakwanguliwa kizazi bila sababu, kuta zinashikana, na kile alichokuwa anakiogopa ndicho anachokipata. Nikisikia mhudumu wa afya mwenzangu amekubali kumsafisha mtu eti kwa sababu ya sindano, natamani nivunje kitu.

Ila nasi tuna kosa letu. Tumezoea kusema "kukosa hedhi ni kawaida" kama wimbo, tukasahau kumalizia sentensi. Ni kawaida kwa anayetumia projestini, yaani dawa za jamii ya projesteroni kama hiyo ya sindano. Kwa asiyetumia chochote, na wala si mjamzito, hanyonyeshi, na umri wa kukoma hedhi haujafika, si kawaida hata kidogo. Mayai yake huenda hayatoki, kwa hiyo projesteroni haipo, lakini estrojeni ipo, na akiwa mnene mafuta ya mwili yanaiongeza. Utando unajengwa mwezi baada ya mwezi bila wa kuusimamisha. Huko ndiko saratani ya utando wa kizazi inakopita. Marekani walilijua hilo kwa machungu: mwaka 1975 zilichapishwa taarifa kwamba wanawake waliokuwa wakipewa estrojeni peke yake baada ya kukoma hedhi walikuwa wakipata saratani hiyo zaidi ya wenzao. Ndiyo maana leo mwenye kizazi chake akipewa estrojeni, anapewa na projestini ya kukilinda. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, nayo ina ukigeugeu wake: kwenye titi inaizuia estrojeni, kwenye kizazi cha aliyekoma hedhi inajifanya estrojeni. Anayeitumia akiona damu aje siku hiyohiyo, asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Nikawa naeleza hayo, wifi akanyamaza. Kisha akauliza, "Na mimi ambaye situmii kitu, na sijaona siku zangu tangu mwezi wa pili?"

Kipimo cha mimba: hakuna. Altrasaundi: milimita 19.

Kuna mambo mawili hata mimi yananikaa vibaya. Kwanza fibroidi, vile vivimbe vya misuli ya kizazi. Maabara inaonyesha projesteroni inazikuza, lakini wanawake wanaochoma sindano ya projestini tafiti zinawakuta na fibroidi chache zaidi. Yapo maelezo, hakuna hata moja lililonishibisha. Pili ni matone. Utando ukiwa mwembamba hivyo, mishipa yake inakuwa dhaifu na inavuja ovyo, kwa hiyo mtu wa kijiti, kile cha projestini kinachowekwa mkononi, anaweza kuchafuka wiki tatu mfululizo wakati jirani yake, kijiti kilekile, mkono uleule, haoni hata tone. Ukiniuliza kwa nini yeye na si jirani, nitazungusha maneno. Nampa ibuprofeni siku tano, au vidonge vya majira kwa muda, inakata. Akimaliza dozi, mara nyingi inarudi. Akichoka nakitoa. Kijiti ni chake na mkono ni wake, na anayemwambia "vumilia, utazoea" kwa mwaka mzima hajawahi kufua mashuka yale.

Mama alichoma sindano yake akaenda zake. Nilimwambia tu kwamba akitaka mtoto asiache leo akategemea mwezi ujao, maana baada ya sindano ya mwisho uzazi unaweza kuchukua miezi 10 kurudi, na kwa wengine zaidi. Kipande cha nyama nilichochukua kwenye kizazi cha wifi kiko maabara. Kikitoka salama nitamwanzishia projestini, dawa ya ukoo uleule aliouogopa kwa mwenzake. Nimeshamweleza. Alicheka kidogo, akauliza kama na yeye damu itakata.