Almasi inayokonyeza

Nafanya kazi maabara hapa Lamu, na ugomvi wangu na vipimo vya haraka vya malaria ni mstari wa pili, ule unaosema vimelea vipo. Ukikolea, hakuna neno. Shida ni ule uliofifia kama doa la chai kwenye kanzu iliyofuliwa mara tatu. Juzi mama mmoja aliinamia kipimo chake, akaniuliza, "Mwanangu, huu ni mstari au ni macho yangu?" Nikakipeleka dirishani, nikakigeuzageuza. Nami sikuwa na hakika, nikarudia.

Rangi ile huletwa na chembe za dhahabu zilizoshikishwa kwenye kingamwili. Kingamwili zikinasa protini ya vimelea, dhahabu hurundikana mpaka jicho likaona. Protini ikiwa chache, hakuna rundo. Unaweza kutumia chembe zinazong'aa, ila karatasi ya kipimo nayo hung'aa kidogo ikimulikwa, ikazifunika.

Mwaka 2020, watafiti wa University College London walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyoweka vijipande vya almasi mahali pa dhahabu. Almasi hizo zina kasoro: katikati ya kaboni imekaa atomi ya naitrojeni, na ubavuni mwake pengo tupu. Kasoro hiyo ndiyo mali yenyewe. Imulike kwa mwanga wa kijani, itatoa mwekundu. Ipigie maikrowevu ya takriban gigahezi 2.87, spini ya elektroni zake, yaani usumaku wao mdogo, itageuka na wekundu utapungua. Washa maikrowevu, zima, washa tena: almasi inafuata, karatasi haina habari.

Aliyewahi kutoka Shela usiku kwa mashua analijua hili. Gati la Lamu limejaa taa, hujui ipi ya nduguyo. Mpigie simu, mwambie awashe na kuzima tochi. Hata kama ndiyo hafifu kuliko zote, utaiona. Kifaa nacho hutafuta mwanga unaofuata mdundo kilioupiga chenyewe, mwingine kinautupa.

Katika jaribio lao la mfano, almasi zilikuwa na unyeti mara 100,000 kuliko dhahabu. Kwa RNA, kinasaba cha virusi vya HIV, walifika hadi nakala moja, lakini baada ya kuizidisha kwanza kwa dakika 10. Hapo ndipo wasimuliaji wengi huruka.

Kinachonikera ni kwamba almasi hizi zahitaji taa, maikrowevu na kamera, na huku kwetu chumvi hula hata soketi ya ukutani. Tena yule mama hatakuwa na mstari wa kuinamia. Atasubiri nimsomee mimi.