Umepunguzwa kazini na unataka shahada: anza na cheti cha kidato cha nne

Katika kazi yangu ya kuwashauri watu wazima wanaorudi masomoni hapa Unguja, wengi ninaowapokea ni waliopunguzwa kazini, hasa kwenye mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje, na wimbi kubwa lilikuja mwaka 2020, ndege za watalii ziliposita kwa sababu ya UVIKO-19. Wengi huja wameshachagua fani, na baadhi wameshaanza kukitumia kiinua mgongo. Mimi huwaomba kwanza wanioneshe cheti cha kidato cha nne.

Ili kuingia shahada, aliyemaliza kidato cha sita hutakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili kwa mpangilio wa sasa wa alama. Mwenye stashahada hutakiwa GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Mwenye kidato cha nne pekee huanzia astashahada, yaani cheti cha kwanza cha chuo, kisha stashahada, ndipo shahada. Safari hiyo huchukua takriban miaka sita, na ni haki yake kuambiwa hivyo mapema, kabla hajaigawa akiba yake.

Wengi hukwama kwenye masomo hayo manne, kwa kuwa masomo ya dini hayahesabiwi. Mhudumu mkongwe wa mkahawa hunikunjulia cheti chenye D nne, nami nikikisoma naona moja ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kwa chuo, huyo ana tatu. Hana budi kulifanya somo linalopungua kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa Baraza la Mitihani hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka na mtihani ni Novemba, kwa hiyo anayekuja Septemba huwa ameshaukosa mwaka huo.

Tatizo jingine ni majina. Cheti cha skuli kimeandikwa Abdalla, cha kuzaliwa Abdulla, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina Abdallah. Hayo yarekebishwe kwa hati ya kiapo kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Kwa mwenye uzoefu mrefu uko pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, ambapo mwombaji huwasilisha jalada la ushahidi wa kazi zake na kufanya mtihani. Jalada hilo husimama juu ya barua za mwajiri. Nawasihi sana wanaopunguzwa: ombeni barua inayotaja cheo, miaka na majukumu siku ile ile mnayokabidhi sare, kwani hoteli ikishabadili mmiliki, mtu wa kuitia saini hapatikani tena.

Kuhusu ada, mzazi mwenye watoto skuli na kipato cha kubahatisha mimi mara nyingi humshauri Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo Unguja na Pemba, kwa sababu mwanafunzi huko hulipia masomo aliyojisajili, akaweza kuchukua machache msimu wa utalii ukiwa mkubwa na kuongeza wakati wa masika, mahoteli yanapopunguza vibarua. Anayehitaji kukaa darasani na mwalimu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha utalii Maruhubi.