Jina Halisi Halizuii Matusi Mtandaoni

Kila matusi yanapozidi mtandaoni, utasikia watu wakisema: walazimishwe kuandika kwa majina yao halisi, watashika adabu. Korea Kusini ilijaribu. Kuanzia 2007, tovuti kubwa za nchi hiyo zilitakiwa kuthibitisha mtumiaji ni nani kabla hajachangia mjadala. Matusi hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Wakati huohuo kampuni zikawa zimerundika namba za vitambulisho vya watu, na Julai 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja tu. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo kwa kauli moja.

Sishangai. Mwanasaikolojia John Suler alikwisha kueleza mwaka 2004 kwamba kutojulikana ni sababu moja tu kati ya kadhaa zinazowafungua watu midomo mtandaoni. Unayemtukana humwoni usoni, na jibu lake halikufikii papo hapo. Unatupa neno na kwenda zako. Ndiyo maana wapo wanaotukana huku jina kamili na picha vikionekana.

Mfikirie sasa mtu anayeishi na VVU, amesahau kumeza dawa jana, anataka kuuliza wenzake afanyeje. Akilazimika kuweka jina lake, swali hilo litasomwa na mwajiri, wakwe na majirani. Hatauliza. Vivyo hivyo kwa aliyebakwa, au mfanyakazi anayejua fedha za umma zinakoishia. Sheria ya majina halisi huwanyamazisha hawa kwanza, na mimi siwezi kuiunga mkono.

Kinachosaidia zaidi ni lakabu ya kudumu. Aliyechangia miaka mingi kwa lakabu moja amejijengea heshima, na hapendi kuipoteza kwa hasira ya dakika moja. Wakiwepo pia wasimamizi wanaofuta matusi upesi, mjadala hutulia bila mtu kuonyesha kitambulisho.

Lakini usidhani lakabu inakuficha kabisa. Mwenye tovuti anaweza kuona anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa mtandao, na mara nyingi ana namba yako ya simu. Mahakama ikiamuru, atazitoa. Hata maneno yako yanakutaja. Mwaka 2006 kampuni ya mtandao ya Marekani, AOL, ilichapisha maneno yaliyotafutwa na watumiaji wake wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Siku chache baadaye waandishi wa habari walimtambua mwanamke mmoja kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta.

Kwa hiyo, ukiwa na jambo la siri la kuuliza, fungua akaunti yenye lakabu ambayo hujaitumia kwingine, na barua pepe yake ya pekee. Usitaje kazini kwako wala tarehe ya kuzaliwa. Picha nazo, hasa zilizopigwa kwa simu, huweza kubeba ndani yake mahali zilipopigwa. Zima kipengele cha kurekodi mahali kwenye kamera kabla ya kupiga.