Wapuritani hawakufundisha "tenda utakalo"

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: eti Wapuritani (Waprotestanti waliotaka kulitakasa Kanisa la Uingereza) wa karne ya 17, Uingereza na Marekani, waliamini Mungu ameshachagua watakaookoka, hivyo mteule aliruhusiwa kutenda dhambi apendavyo.

Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili, hapana. Soma Ungamo la Imani la Westminster la 1646, andiko la mafundisho yao: sura ya 16 inayaita matendo mema matunda na ushahidi wa imani hai. Hayakununua wokovu, ila asiyekuwa nayo alikuwa na sababu ya kuhofu. Wengi waliandika shajara wakijichunguza, tena kwa ukali unaochosha kusoma.

Mkanganyiko hutokana na kudhani kilichoamuliwa hakihitaji juhudi. Sura ya 3 inasema Mungu aliamua mwisho pamoja na njia ya kuufikia. Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.